Spika Haiungui kwa Uchawi

Watu wangu, nitasema hii na wengine mtanichukia: mafundi wengi wa saundi kutoka Kitale hadi Bungoma hawahitaji mashine mpya. Wanahitaji kujua kilicho ndani ya ile waliyo nayo.

Hapa kwetu saundi ni riziki. Wikendi kuna harusi Kiminini, mazishi Chwele, krusedi Webuye. Jamaa anabeba spika na jenereta, anapiga kazi mpaka usiku, anarudi na besi imeungua. Pesa yote inaishia kwa fundi. Halafu utasikia ati kuna mtu ana kijicho. Zii. Hapo palikosekana kipande cha programu.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilipogoma. Kilichonishika baadaye ni chipu ndogo inaitwa ADAU1701, ya kampuni ya Analog Devices. Utaipata mtandaoni kwenye bodi za bei nafuu. Sauti ikiingia inakatwa sampuli 48,000 kila sekunde, na kila sampuli inapewa hatua 1,024 tu za hesabu. Zikiisha, hakuna dakika za nyongeza. Sampuli inayofuata ishafika mlangoni.

Ndani ya hizo hatua unapanga kazi kwa moduli. Krosova inatenganisha besi na sauti za juu. Ikwalaiza inarekebisha toni. Limita inabana sauti ikizidi kiwango ulichoweka, kabla haijafika kwa ampu. Kila moduli ina kazi moja, mlango wa kuingia na wa kutoka, na haijali jirani anafanya nini. Programu ya kuzipanga, SigmaStudio, ni ya bure: unavuta viboksi kwenye skrini, unaviunganisha kwa mistari, basi.

Utamu ni huu. Ukibadilisha spika, unagusa moduli moja na kuacha zingine. Ukiwa na tenti ya nyuma, spika zake ziko mita 10 kutoka za mbele, sauti ya mbele inachukua kama milisekunde 29 kufika huko. Unaongeza moduli ya kuchelewesha, sampuli kama 1,400, na mzee aliyeketi nyuma anasikia mhubiri mmoja, si wawili.

Lakini moduli si kutupia tu vitu. Mpangilio una maana. Ukiweka limita, halafu baada yake uongeze besi, umeajiri soja wa geti la mbele na kuacha la nyuma wazi. Spika itaungua na limita iko kazini. Tena kila moduli inakula hatua zake. Ukijaza mbwembwe, zile 1,024 zinaisha.

Kuna wasomi huniambia hii ni kazi ya mainjinia. Kubuni chipu, sawa. Lakini kupanga moduli? Yule msee ambaye kwa miaka ameunganisha mikisa, ikwalaiza, krosova na ampu kwa nyaya, tayari anafikiri kwa moduli. Kilichobadilika ni kwamba nyaya zimehamia kwenye skrini. Hakuna aliyemwambia, ndiyo maana anaogopa.

Kinachoniuma ni maboksi yanayouzwa yakiwa yamefungwa kwa nywila. Aliyekuuzia ndiye anajua kilicho ndani, na kila ukitaka kubadilisha kitu unampigia simu na kutoa kitu kidogo. Huo si utaalamu, ni kodi.

Kama una laptopu ya Windows, pakua hiyo programu hata kabla ya kununua chipu. Panga krosova, weka limita mwishoni kwa kila njia, uone mantiki yake. Wikendi ijayo kuna mazishi tena na spika zitawashwa. Afadhali anayezibeba mgongoni awe ndiye anajua kilicho ndani.