Ulimi Hufuata Sikio



Mwezi uliopita tuliketi na wanakwaya wetu walipokuwa wakijifunza "Caro mio ben", wimbo wa mapenzi wa Kiitaliano wa karne ya 18, ambao wanafunzi wengi wa uimbaji huanza nao. Mwanzoni tulijivuna. Kiitaliano huandika irabu kwa herufi tano kama zetu, nazo hutamkwa safi, bila kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Gn ni "ny" ya nyumba. Ila ce husomwa "che", na che husomwa "ke". Tena e na o zina sauti mbili kila moja, ya wazi na ya kufumba. Hivyo herufi tano hubeba sauti saba.

Ndipo mwimbaji mmoja, ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r, akaimba "calo" badala ya "caro". Caro ni mpendwa; calo ni upungufu. Wenzake wakaangua kicheko. Nasi, tunaungama, tulicheka. Zoezi lililofuata hakuja.

Jioni hiyo tulikumbuka masomo yetu ya Roma. Tulipewa kuimba neno sete, yaani kiu, katika maneno ya Bwana msalabani. Tukaimba sette, yaani saba. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, mwimbaji hufupisha irabu iliyotangulia, huishikilia konsonanti kidogo, ndipo huiachia. Nasi tuliishikilia pasipostahili. Mwalimu wetu hakucheka. Alingoja wenzetu watoke, akatamka maneno yote mawili taratibu, mara nyingi, wala hakuturuhusu kuimba mpaka tulipoweza kuyatofautisha kwa kusikia.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana alimtenga kiziwi na umati, akayagusa masikio yake kabla ya ulimi. Tulikuwa tumeihubiri Injili hiyo mara nyingi.

Tulikwenda nyumbani kwa mwimbaji yule kumwomba radhi. Sasa tunakutana naye nusu saa kabla ya mazoezi. Husikiliza kwanza, kisha huimba. Ile r bado humponyoka. Lakini juzi ilitoka mara mbili mfululizo, naye akacheka mwenyewe.

Je, nyumbani na kazini, ni nani tuliyemcheka kabla ya kumfundisha?

Tunawatakia Dominika njema.