Mbwa wa Kuishi na Watoto

Katika mtaa wetu wa Rubavu, mbwa ni mlinzi. Mchana hufungwa nyuma ya nyumba, usiku hufunguliwa, na hakuna anayeuliza kama ni mpole, kwa sababu hakuwekwa pale ili awe mpole. Basi watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne, walipotuomba mbwa wa kucheza naye, mimi na mke wangu tulitambua kwamba walikuwa wakiomba jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa jirani yeyote: mbwa ambaye kazi yake si kuwatisha watu bali kuishi nao. Mke wangu hakukataa. Aliweka sharti moja tu, kwamba mbwa huyo awe mdogo. "Kama ni lazima aje," alisema, "basi kiwe kijibwa, lisiwe jibwa."

Maneno hayo mawili yalinifikirisha, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha lugha. Neno "mbwa" lina mzizi mfupi, na kwa hiyo haliwezi kupewa kiambishi cha udogo peke yake. Hupewa kwanza ji- likawa "jibwa", ndipo litanguliziwe ki- na kuwa "kijibwa". Tena, mbwa anayeitwa mbwa hupata upatanisho wa viumbe hai: mbwa huyu anabweka, mbwa hawa wanabweka. Akishaitwa kijibwa, aghalabu hunyang'anywa heshima hiyo: kijibwa hiki kinabweka, vijibwa hivi vinabweka. Amekuwa kama kiti au kikombe. Lugha inatuambia kwamba kilicho kidogo hakina madhara, na kwamba mtu anaweza kukishika apendavyo. Mke wangu naye alikuwa na dhana hiyo hiyo, na wazazi wengi wanayo. Niliona ni lazima niichunguze kabla ya kumleta mnyama yeyote mbele ya mtoto wa miaka minne.

Kulikuwa na jambo jingine lililotaka uangalifu zaidi. Mama yangu mzazi anaishi nasi. Mwaka wa 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili mingi ya watu ilibaki barabarani na mashambani bila kuzikwa, na mbwa waliobaki bila wenyewe waliila. Baadaye askari waliwapiga mbwa hao risasi. Watu wa umri wa mama yangu waliyaona hayo kwa macho yao, na wengi wao hawajawahi tena kumtazama mbwa kama walivyomtazama zamani. Hata kabla ya hapo, kumwita mtu "imbwa" kwa Kinyarwanda kulikuwa tusi zito. Nilipomweleza mama ombi la wajukuu wake, hakupandisha sauti. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, atalala wapi?" Nilielewa kwamba hilo halikuwa swali la kibanda. Alikuwa akiniuliza kama nyumba hii ingeendelea kuwa yake.

Kwa hiyo tulikuwa tukitafuta mbwa wa kumtosha kila mmoja: watoto wasioweza bado kupima nguvu za mikono yao, mama yao aliyetaka mnyama mdogo, na bibi yao ambaye haki yake ya kutulia ilitangulia furaha yetu sote.

Nilianza na mbwa wadogo wanaosifiwa duniani. Mdogo kuliko wote ni Chihuahua, ambaye asili yake ni Mexico, na uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 3. Mtu angedhani kwamba huyo ndiye wa mtoto mdogo. Lakini mifupa yake ni myembamba, na mtoto wa miaka minne humbeba mnyama kama anavyobeba mwanasesere: humkumbatia, humning'iniza, humwangusha. Mbwa anayejua kwamba anaweza kuangushwa huishi kwa hofu, na mbwa mwenye hofu hutumia silaha aliyo nayo, yaani meno. Dachshund wa Ujerumani, mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, alikuzwa ili aingie mashimoni kuwatoa wanyama wanaochimba. Uti wake mrefu wa mgongo huumia kwa urahisi, na hapaswi kuinuliwa kwa miguu ya mbele tu, jambo ambalo mtoto hulifanya bila kufikiri. Pug, mwenye uso bapa, hupumua kwa shida, hasa wakati wa joto au akikimbia sana. Cavalier King Charles Spaniel wa Uingereza ni mpole na mwenye subira, lakini aina hiyo inasumbuliwa mno na ugonjwa wa vali za moyo. Beagle, mbwa wa kuwinda sungura, amezoea kuishi kundini, kwa hiyo hupatana na watu wengi. Hata hivyo, akinusa harufu ya kuvutia huifuata bila kusikia anayemwita, na sauti yake hufika mbali.

Aliyenivutia zaidi ni yule ambaye asili yake ni jirani yetu. Basenji ni mbwa wa Kongo. Ana masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, kimo cha takriban sentimita 40 na uzito wa kilo 10 hivi. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayofanana na wimbo. Wazungu waliwachukua mbwa hao kutoka Kongo na kuwapeleka Uingereza, na katika miaka ya 1930 walianza kuwazalisha huko. Jina lenyewe ni somo la sarufi: ba- ni kiambishi cha wingi katika lugha nyingi za Kibantu, ndicho wa- cha Kiswahili, na neno zima ni ndugu wa neno "washenzi", ambalo watu wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara. Mnyama wa kijijini aliitwa kwa jina la dharau, akavuka bahari, na huko ng'ambo jina lile lile likawa la fahari. Nilimpenda kwa sababu hiyo, lakini sifa zake zilinizuia. Ni mbwa mwerevu, mwenye kujitegemea, mwepesi wa kukimbia na asiyependa kuvutwavutwa. Anafaa zaidi kwa nyumba yenye watoto wakubwa.

Baada ya kuwapitia hao wote niliona jambo moja. Jina la aina ya mbwa linatuambia mababu zake walikuzwa kwa kazi gani, na hilo ni la maana. Halituambii mbwa huyu mmoja, aliyeko mbele yetu, alitendewa nini tangu alipozaliwa. Kuna mambo mengine ambayo hutupa habari nzuri zaidi. Mama yake ni mtulivu, au hukimbia mtu akikaribia? Aliachishwa akiwa na umri gani? Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya majuma 8, kwani katika siku hizo ndipo hufundishwa na ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu humaliza mchezo. Amewahi kukaa na watoto? Hufanya nini mtu anapopita karibu na bakuli lake?

Maswali hayo yalinionyesha pia kwamba mtoto wa mbwa si lazima awe chaguo bora kwa mtoto wa binadamu. Watu hupenda wakue pamoja. Lakini mtoto wa mbwa ana meno kama sindano, hutafuna kila kitu, na tabia yake ya utu uzima bado haijulikani. Mbwa mzima ambaye upole wake umekwisha kuonekana kwa miaka kadhaa ni dhamana iliyo wazi zaidi.

Kabla ya kuamua, nilikwenda kwa daktari wa mifugo kuuliza habari za kichaa cha mbwa, kwani hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Ugonjwa huo, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara huua. Karibu wagonjwa wote duniani huambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu mojawapo ni kimo chao: uso wa mtoto uko sawa na kinywa cha mbwa. Lakini ugonjwa huo huo unazuilika. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa wakati anaoupanga daktari. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili. Tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa, alianza kupewa chanjo ya Louis Pasteur, naye akapona. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Nyumba isiyo na mbwa nayo inapaswa kuyajua mambo haya, maana mbwa wa barabarani hachagui mtoto wa nani.

Daktari aliongeza kwamba minyoo ya mbwa huweza kumwingia mtoto anayecheza kwenye udongo, hivyo dawa ya minyoo haina budi kutolewa kwa utaratibu, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kisha tukawafundisha watoto. Mbwa akila, asiguswe. Akilala, asiamshwe. Asikumbatiwe shingoni, asikaliwe mgongoni, asivutwe mkia. Mbwa usiyemjua akikujia, simama wima kama mti, mikono ubavuni, usikimbie wala usipige kelele. Tuliwafundisha pia lugha yake, nayo ina sarufi yake. Mbwa anayegeuza kichwa, anayelamba midomo ilhali hana chakula, anayepiga miayo bila usingizi, au anayeonyesha weupe wa jicho, anasema kwamba amechoka na anataka nafasi. Akinguruma, ameongeza sauti tu kwa kuwa hakusikilizwa. Asipigwe kwa kunguruma, kwa sababu mbwa aliyefundishwa kunyamaza huuma bila kutoa onyo. Nasi wazazi tulijiwekea sharti letu: mtoto wa miaka minne hatabaki na mbwa yeyote pasipo mtu mzima, hata awe mbwa mpole kiasi gani.

Mbwa tuliyempata hana jina la aina yoyote. Ni jike wa kienyeji, wa miaka mitatu, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo, na uzito wake ni kilo 11. Mwenyewe, mzee wa mtaa wa pili, alikuwa akihamia Goma kwa binti yake na hakuweza kwenda naye. Tulimtembelea mara tatu pamoja na watoto. Mara ya kwanza alitunusa na kujilaza. Mara ya pili mdogo wetu alimshika sikio kwa nguvu kabla sijamfikia. Mbwa aliinuka, akajitikisa, akaenda kukaa chini ya mparachichi. Hakunguruma wala hakuonyesha meno; aliondoka tu. Hapo ndipo tulipoamua, kwani mbwa anayejua kuondoka ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Mara ya tatu tulikwenda kuhakikisha kadi yake ya chanjo.

Mama alitoa masharti yake kabla mbwa hajaja, na tuliyakubali yote. Mbwa haingii ndani ya nyumba. Banda lake liko upande wa pili wa ua, mbali na njia ya jikoni na mbali na kiti anachokalia mama jioni. Nilijenga uzio mfupi katikati, ili yeye asilazimike kupita karibu naye hata siku moja. Watoto walieleweshwa kwamba Bibi haogopi upuuzi, na kwamba hakuna atakayemwambia amzoee.

Sasa ni mwezi wa nane. Mama hajamgusa mbwa, wala hatumtarajii amguse. Hata hivyo, juma lililopita nilimsikia akiwaita wajukuu zake kutoka kwenye kiti chake: "Bakuli lake ni tupu. Mpeni maji." Hakusema "kipeni". Sikumwambia kwamba nimesikia.

Kadi ya chanjo ya mbwa tumeiweka katika bahasha moja na kadi za kliniki za watoto, na tarehe ijayo imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, chini ya siku ya kufungua shule.