Kijana Asiye na Kitu Mbele ya Hakimu

Sisi tukaao Kibaha na Kisarawe tumeona mara nyingi: kijana akishtakiwa, wazee wake huuza mikorosho ili wampatie wakili. Je, hapana njia nyingine?

Njia ipo. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, jaji au hakimu akiona kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kumlipa wakili, na kwamba haki yataka atetewe, aweza kuagiza apewe msaada huo bila malipo. Naye aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima. Mashtaka yake hayapelekwi tena katika mahakama ya watoto. Sheria yautazama uwezo wa mshtakiwa mwenyewe, na shamba la baba si mali ya mwana.

Lakini wengi hunyamaza kizimbani, wakiona haya kuutaja umaskini wao. Basi tuwafundishe vijana wetu kusema: “Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria.” Kusema hivyo si kukiri kosa, wala si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.