Nimerudi, na Kitonga nimeiona!

Mlidhani nimeingia mitini? Wapi! Wiki mbili nilikuwa safarini na familia, Dar hadi Iringa, tumebanana kwenye kigari cha Mzee.

Mikumi tuliwaona twiga bila kiingilio, maana barabara kuu inakatiza mbugani. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Raha tupu!

Kufika Kitonga, Mzee akanyamaza. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, mbele malori yanajikokota. Tulipomaliza kupanda akasimamisha gari, akatuonyesha kona alikompoteza utingo wake enzi zake za kuendesha lori. Miaka yote hiyo hajawahi kututajia.

Mie nilizoea kulalamika eti Mzee hana stori. Kumbe sijawahi kumuuliza. Wako je, umemuuliza?