Muizenberg: Ufukwe Ambako Ubao Hutunzwa Kabla ya Kuingia Majini

Ukitoka katikati ya jiji la Cape Town, Afrika Kusini, na kuelekea kusini kwa kilometa 25 hivi, utafika Muizenberg, kitongoji kilicho kwenye ukingo wa ghuba ya False Bay. Nyuma yake umesimama mlima, reli inapita karibu na maji, na mchangani kuna safu ya vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo, vyenye rangi nyekundu, njano, bluu na kijani. Tulifika asubuhi, upepo ukiwa bado umetulia, tukakuta wazazi na watoto wamejaa ufukweni na mbao zao za kuchezea mawimbi.

Mchezo wenyewe ni huu: mtu hulala juu ya ubao, hupiga maji kwa mikono, na wimbi likimfikia husimama na kubebwa nalo hadi karibu na nchi kavu. Mawimbi ya Muizenberg ni ya upole na chini yake ni mchanga, ndiyo maana wanaoanza kujifunza huletwa hapa. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Agatha Christie, naye alijaribu mchezo huu hapa mwaka 1922.

Hata hivyo, si kila mama aliweza kumleta mtoto wake hapa. Sheria ya ubaguzi ya mwaka 1953 iliruhusu sehemu za umma kutengwa kwa rangi za watu, na ufukwe huu ulikuwa wa wazungu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Tulipowaona watoto wa kila rangi wakicheka kwenye povu moja, tulimshukuru Mungu.

Nta si ya kuteleza

Jambo lililotushangaza zaidi ni muda ambao watu huutumia mchangani kabla ya kugusa maji. Karibu nasi alikuwapo mama mmoja na binti yake, na ubao mpya kabisa. Binti alitaka kukimbilia baharini. Mama alimketisha, akampa kipande cha nta.

Sisi tulidhani nta hupakwa ili ubao uteleze vizuri. Kumbe ni kinyume chake! Ubao mpya ni laini kama sahani, na ukilowa, mguu hauna pa kushika. Nta hupakwa upande wa juu tu, pale kifua kinapolala na miguu inaposimama. Upande wa chini huachwa bila nta ili upite majini kwa wepesi.

Kazi huenda hivi. Kwanza ubao hufutwa ukawa safi na mkavu, bila mchanga wala mafuta. Kisha hupakwa nta ngumu ya msingi kwa kuzungusha mkono taratibu, bila kukandamiza sana, mpaka vitokee vinundu vidogo. Vinundu hivyo ndivyo vinavyoshika mguu. Juu yake hupakwa nta laini zaidi, na hiyo huongezwa kidogo kila safari ya baharini.

Nta huchaguliwa kulingana na joto la maji. Maji ya False Bay ni baridi, hasa wakati wa kipupwe, hivyo huhitaji nta laini. Nta ngumu ingekuwa kama jiwe. Kwenye maji ya Mombasa au Dar es Salaam, ambayo ni ya vuguvugu mwaka mzima, nta hiyo laini ingeyeyuka, na ingefaa ile ngumu.

Kuulinda ubao

Mbao nyingi za siku hizi ndani zina povu gumu jepesi, na nje zimefunikwa kwa faiba, kama boti zetu za faiba. Ganda hilo ni jembamba. Likipata ufa, hata mdogo, maji huingia, ubao huwa mzito na huanza kuharibika kwa ndani. Kwa hiyo ufa unapoonekana, ubao hutolewa majini, hukaushwa kabisa, kisha huzibwa.

Adui mwingine ni jua. Ubao ukiachwa ndani ya gari lililofungwa, nta huyeyuka, na ganda linaweza kuachana na povu. Wenye busara huusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huukausha kivulini na kuuhifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Desturi hii ni ya kale. Wenyeji wa Hawaii, ambao mchezo huu ni urithi wao, walizipaka mbao zao mafuta ya nazi, wakazifunga kwa kitambaa na kuzitundika nyumbani. Hata mafundi wa pwani yetu wanaopaka majahazi sifa na deheni wangewaelewa mara moja.

Bendera mlimani

Hata hivyo, ubao uliopakwa vizuri haumwondolei mzazi wajibu wa kukesha. Tangu mwaka 2004 wamekuwapo walinzi mlimani wanaotazama papa kwa darubini. Bendera ya kijani maana yake maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi, hayaonekani vizuri. Nyekundu, hatari imeongezeka. Na nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, humtaka kila mtu atoke majini. Yule mama aliitazama bendera kabla ya kumfunga binti yake kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu. Ndipo alipomwachia.

Akina mama wenzetu, hatuwezi kuwazuia watoto wetu wasiyafikie mawimbi. Wengine wataenda shule za mbali, wengine mijini kutafuta kazi, na hatutakuwa pembeni mwao. Mama yake Musa alikipaka kisafina cha manyasi kikazuia maji, ndipo akamlaza mwanawe ndani yake na kukiweka mtoni. Hakuwa na uwezo juu ya mto, lakini kile kilichokuwa mikononi mwake alikifanya kwa uangalifu, na mengine akamwachia Mungu. Nasi tufanye hivyo sebuleni, jikoni na katika sala za jioni, wakati watoto wangali nchi kavu.