Usipande Gari kwa Sababu ya Haya

Ruring'u, Nyeri

Kwako Maitu,

Nimefurahi kusikia umepata kazi ya jikoni katika hoteli hapa mjini, na kwamba utakaa kwangu. Chumba kiko tayari. Baba yako alinipigia simu jana usiku tukabishana mpaka salio likaisha. Yeye anasema msichana hawezi kuwa anatoka kazini saa tano za usiku, heri uikatae kazi hii ungojee ya mchana. Nimemwambia hapana. Lakini nikimpinga ndugu yangu kwa ajili yako, ni lazima pia nikueleze kwa kirefu utakavyokuwa unafika nyumbani. Siwezi kukutetea mchana halafu nikuachie usiku wewe mwenyewe.

Nyanya yako, ambaye umebeba jina lake, alikuwa msichana wakati wa Hali ya Hatari. Tangu Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ndiyo iliyopanga saa za watu wa Nyeri. Waliondolewa makwao wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na kafyu ikawa inaamua mwanamke aende shambani saa ngapi, ateke maji saa ngapi, afunge mlango saa ngapi. Alitusimulia hayo hadi uzeeni. Sitaki mjukuu wake awekewe kafyu nyingine, hata kama wanaoiweka ni watu wanaompenda. Usiku wa mji huu ni wako pia. Tutakachofanya ni kuupanga.

Kwanza, kabla hujatia sahihi mkataba, uliza wafanyakazi wa zamu ya usiku wanarudije nyumbani. Hoteli nyingine zina gari la kuwapeleka, nyingine huongeza kitu kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya nauli, na nyingine hazina lolote mpaka mtu aulize. Uliza ukiwa umesimama wima. Hilo ni swali la kazi kama swali la likizo. Waulize pia wasichana utakaowakuta jikoni nani anaelekea upande wetu. Wawili wakichangia gari moja, nauli inapungua na hofu inapungua.

Kama gari la hoteli halipo, utapanda teksi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Kinachowaponza watu wa Ruring'u ni kwamba mji uko karibu. Mtu husema "ni hapa tu", akapanda gari lolote, au akashika njia kwa miguu. Anayesafiri hadi Nairobi hupanga safari yake tangu asubuhi, ila wa kwenda Ruring'u hapangi chochote. Na Nyeri hulala mapema, hasa Julai ukungu unaposhuka na baridi kukaza. Ukitoka saa tano utakuta Kimathi Way haina watu, maduka yamefungwa, taa za mulika mwizi zinamulika lami tupu. Safari fupi katika mji uliolala inahitaji mpango uleule wa safari ndefu.

Mpango wenyewe ni kuwa na mtu wako wa teksi, na umpate mchana. Ukifika tutaenda pamoja mjini, karibu na Whispers Park, nikuonyeshe madereva wawili ninaowajua kwa miaka. Nimesema wawili kwa sababu mmoja anaweza kuugua au gari lake likawa gereji. Nitasimama nawe pale mbele ya wenzao niseme: huyu ni mtoto wa ndugu yangu, anaishi kwangu, mtakuwa mnamleta usiku. Nataka wajue una wenyewe. Dereva anayeegesha mahali pamoja kila siku, ambaye wenzake wanamjua na mwenyekiti wao anajua kwake, ana mengi ya kupoteza. Yule anayepita tu na dirisha wazi akiita "siste, twende" hatufahamiani naye, wala hana wa kumuuliza kesho. Ukijua saa ya kutoka, mpigie mapema, nusu saa kabla, umngojee ndani ya hoteli karibu na askari wa mlangoni. Usimngojee barabarani.

Na siku ambayo wote wawili hawapatikani? Siku hiyo itafika. Basi kabla hujaketi katika gari la mtu mwingine, fanya haya bila haraka. Tazama kama lina mstari wa njano ubavuni kama teksi za Kenya zinavyotakiwa kuwa nao. Soma nambari ya usajili, kisha usome ile iliyo kwenye kibandiko cha kioo cha mbele, zilingane. Piga picha nyuma ya gari, unitumie. Mwombe dereva nambari ya simu, uiingize katika M-Pesa kana kwamba unamtumia pesa. Jina litakapotokea, lisome kwa sauti, "Ni wewe huyu?", kisha usikamilishe. Dereva mwema hatachukia. Anayechukia kutajwa jina lake saa tano za usiku amekwisha kukujibu swali ambalo hujamuuliza.

Kodi gari zima, mpatane bei ukiwa bado nje. Nakwambia hivi kwa sababu ya Probox zetu. Mchana ni kawaida dereva kujaza abiria mmoja mmoja, nami hupanda hivyo kwenda Karatina bila wasiwasi. Usiku usikubali. Ukikuta tayari kuna mwanamume ndani, "rafiki yangu tu, namshusha hapo mbele", hilo gari si lako. Akisema njiani atamchukua mwingine, mwambie umelipia lote. Keti nyuma, upande wa kushoto. Dereva yuko kulia, hivyo unamwona, na mlango wako unafungukia ukingoni, si katikati ya magari. Kabla gari halijaondoka jaribu kitasa cha ndani, kwa sababu milango ya nyuma ina kile kifungio cha watoto, na kikiwa kimefungwa huwezi kujifungulia mwenyewe.

Ukiita gari kwa programu ya simu, yale ya nambari na sura ya dereva utayaona kwenye skrini. Yalinganishe na gari lililosimama mbele yako, na mwache dereva ataje jina lako badala ya wewe kumtajia. Kuna jambo moja la huko ambalo sitaki likupate. Dereva hupiga simu akasema, "Ghairi safari, tuskizane pembeni, nitakupunguzia." Najua kwa nini wanafanya hivyo. Kampuni hukata sehemu ya nauli. Kanuni za mamlaka ya usafiri, NTSA, za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18, na hata hiyo humuuma mtu anayenunua petroli kwa bei ya leo. Nawahurumia. Lakini ukighairi, safari ile haiko tena mahali popote: hakuna kumbukumbu ya gari, wala ya njia, wala ya saa. Lipa nauli kamili. Pesa ikipungua nitakuongezea mimi, na usione aibu kuniomba.

Sasa nije kwenye kile hasa kilichonifanya nichukue kalamu. Tumekulea vizuri, Maitu, na malezi hayo yenyewe yananitia hofu. Umefundishwa kuamkia wakubwa, kutomjibu mtu mzima, kutomkatalia anayekutendea wema. Mzee wa makamo akikufungulia mlango wa gari na kukuita "mwanangu", moyo wako utaona ni utovu wa adabu kukataa. Utaingia kwa sababu ya haya. Nakuomba uiache haya hiyo mchana. Heshima ni ya watu mnaojuana na kuulizana habari. Mtu usiyemjua, usiku, humdai heshima wala yeye hakudai. Sema "Asante, nangoja mtu wangu," kisha unyamaze. Usieleze. Ukianza kueleza, atapata neno la kujibu, nawe utajiona umekosa jibu, utapanda.

Ugumu zaidi uko kwa wale unaowajua nusu nusu: mwenzako wa kazini, mteja aliyezoea kuja hotelini, jirani wa kanisani anayesema anapita Ruring'u. Lifti ya bure ni ngumu kuikataa kuliko teksi. Nipigie mbele yake, kwa sauti: "Shangazi, niko na fulani, ananileta, gari lake ni nambari hii." Aliye na nia safi atafurahi na pengine atanisalimia. Na hata ukiwa umekwisha kuketi, moyo ukikataa, shuka. Shuka hata kama mmekwenda mita mia tu, hata kama atanung'unika, hata kama nauli utaipoteza. Sitakuuliza kwa nini, na hakuna mtu nyumbani kwangu atakayekucheka.

Njiani nitumie mahali ulipo kwa WhatsApp. Chagua saa moja, kwa sababu zile dakika 15 huisha haraka mkikawia. Weka bando na chaji kabla ya zamu kuisha. Kredi ikiisha kuna Okoa Jahazi, au nitumie ule ujumbe wa bure wa kuomba nikupigie, nami nitapiga hata nikiwa usingizini. Ongea nami kama kawaida, umtajie dereva kwamba nakungoja.

Kuhusu boda boda sina mengi. Mchana na helmeti, sawa. Usiku katika baridi na ukungu, na dereva usiyemjua, hapana.

Kuhusu kufika nyumbani, kuna jambo ambalo mimi na baba yako hatukubaliani juu yake. Yeye anataka dereva yeyote akufikishe mpaka langoni. Mimi natofautisha. Madereva wetu wawili wataleta gari hadi lango letu, wakae taa zikiwa zinawaka mpaka usikie mimi nikifungua. Lakini dereva mgeni asijue nyumba. Akushushe pale dukani penye taa, nami nitakuwa nimesimama hapo na tochi, nimevaa koti. Usifikirie unanisumbua. Nitalala vizuri zaidi baada ya kukuona kuliko nikingoja kusikia.

Huenda ulikuwa mdogo mno kukumbuka yaliyotokea Githurai mwaka 2014. Mwanamke mmoja alipanda basi usiku, akavuliwa nguo na kuibiwa humo ndani. Novemba ya mwaka huo wanawake waliandamana Nairobi dhidi ya wanaovua wenzao nguo barabarani na steji. Mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kisa kile cha basi: dereva, makanga na mhudumu wa kituo cha petroli. Walihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Nakitaja kwa sababu mbili. Kwanza, usibaki abiria wa mwisho na wahudumu wa gari. Wenzako wakishuka mahali penye watu, shuka nao, uniite. Na usidhani mahali pana usalama kwa kuwa pana taa na mfanyakazi. Pili, mwanamke yule hakunyamaza. Kesi ilichukua miaka, lakini waliosimama kizimbani walikuwa wao.

Hivyo likikupata baya, Mungu apishe mbali, sikia kutoka kwangu sasa kabla halijatokea: kosa litakuwa la aliyelitenda. Hata kama ulisahau kupiga picha, hata kama ulipanda lifti niliyokukataza. Piga 999 au 112. Kuna pia 1195 ya ukatili wa kijinsia, haina malipo, usiku na mchana. Nipigie. Tutakwenda kwanza hospitali ya rufaa ya kaunti, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora zaidi. Usioge, wala usifue nguo. Zitie katika mfuko wa kaki, si wa plastiki. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, kisha tutakwenda pamoja polisi kwenye dawati la jinsia tukachukue fomu ya polisi ya P3, ambayo haiuzwi. Nitakuwa nawe kila mahali, na baba yako nitamzungumzia mimi.

Nimeyaandika hayo ya mwisho kwa mkono mzito, lakini heri uyajue.

Njoo Jumamosi asubuhi ili tuwakute wale madereva kabla hawajaingia shughuli za soko. Andika nambari zao na yangu kwenye karatasi pia, uitie ndani ya viatu vya kazi, kwa sababu simu huibwa na huzima. Lete koti zito. Baba yako nitampigia Jumapili baada ya misa. Mwonyeshe barua hii kabla ya hapo, ili tukianza kubishana tena tubishane juu ya mambo yaliyoandikwa.

Ni mimi shangazi yako anayekungoja.