Mafuta ya Upako Hayajazi Shoki Iliyovuja

 

Mpendwa akinunua gari, hulileta kanisani tuliombee. Ni jambo jema, na nitaendelea kuyaombea. Lakini nikiweka mikono juu ya boneti, naibonyeza kwanza. Usicheke, nitakuambia sababu.

Gari lina springi, na lina shokomzoba, hizi tunazoita shoki. Springi hubeba uzito. Shoki huituliza springi. Ndani ya shoki kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likiruka, mafuta hulazimishwa kupita kwenye vitundu hivyo, na nguvu ya kuruka hugeuka joto, ikaisha. Mafuta yakivuja, springi hukosa wa kuituliza. Tairi hudundadunda badala ya kushika barabara, na tairi isiyogusa lami haifungi breki wala haikati kona.

Wewe unayebeba watu kwa Probox, unajua barabara zetu. Unatoka kituo cha majani chai kwenye murram yenye mashimo, unaingia lami ya Litein au Kapkatet, kona na miteremko, na mvua ya alasiri imeshashuka.

Hatari ni kwamba shoki haifi siku moja. Huchoka polepole, nawe dereva unazoea polepole. Mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani alianza kurushwa zamani. Wewe bado unasema gari liko sawa.

Basi kabla ya kuleta gari kwa maombi, fanya haya:

1. Bonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu, kisha uachilie. Likipanda na kutulia, vizuri. Likiendelea kudunda, shoki imechoka. Lakini usiishie hapo, maana shoki dhaifu inaweza kupita jaribio hili.

2. Chungulia nyuma ya tairi. Shoki iliyolowa mafuta na kugandwa na vumbi inavuja.

3. Pitisha kiganja juu ya tairi. Ikiwa imelika kwa mabonde mabonde, huenda ilikuwa inadunda.

4. Ukifunga breki, je, pua ya gari inainama sana?

5. Ukisikia "kong kong" kwenye matuta, usikimbilie kununua shoki. Huenda ni bushi au boljointi. Mwambie fundi apige jeki, atikise na aangalie kabla hujatoa pesa.

Shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, kisha gari lipelekwe alaimenti. Na kijana wangu, usifungue nati ya juu ya shoki ya mbele nyumbani: springi iliyobanwa humo ikifyatuka inaweza kukuua. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuibana.

Utauliza, "Pasta, hili ni Neno?" Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba aweke ukuta kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hakuwaambia waombe tu watu wasianguke. Aliwaambia wajenge ukuta. Shoki zako ni ukuta wa dari yako. Abiria anapokulipa nauli, anakukabidhi uhai ambao Yesu aliufia.

Na moyo nao huchoka hivyo hivyo. Hakuna anayeamka asubuhi moja akiwa mkali kwa watoto na mkavu katika maombi. Huvuja tone kwa tone, tukazoea. Daudi alikaa na dhambi yake mpaka Nathani akaja kumwambia (2 Samweli 12). Yule yule Daudi, katika Zaburi 139, anamwomba Mungu amchunguze. Mtu anayejitosheleza kwa macho yake mwenyewe hawezi kuomba ombi hilo.

Kwa hiyo wiki hii uliza maswali mawili. Abiria wako muulize, "Huko nyuma mnarushwa?" Mke wako, au mume wako, muulize vivyo hivyo kuhusu maisha ya nyumbani. Akianza kujibu, usijitetee. Nyamaza usikie.

Bwana, tupe masikio ya kusikia wale tunaowabeba. Katika jina la Yesu, amina.

Mtumie dereva mmoja ujumbe huu.